Sauti Iliyookotwa Takani

Katika somo la Historia twafundishwa kwamba habari za kale hupatikana katika vitabu, barua na masimulizi ya wazee. Mimi napenda kuongeza chombo kingine, nacho ni sauti iliyohifadhiwa.

Hank Williams alikuwa mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za kantri huko Marekani. Mwaka 1951 alikuwa na kipindi cha asubuhi cha dakika 15 katika redio ya WSM, mjini Nashville, kilicholipiwa na wauzaji wa unga wa Mother's Best. Kwa kuwa mara nyingi alikuwa safarini, vipindi vingi vilirekodiwa mapema ili vitangazwe naye hayupo. Humo aliimba, akataniana na wenzake, na kuusifu unga.

Sahani zilizotumika hazikuwa santuri za dukani. Zilikuwa za alumini iliyopakwa laka laini, na sindano ilichora mifereji ya sauti juu yake. Sahani kama hizo hulika kila zinapopigwa. Hank alifariki tarehe 1 Januari, 1953, akiwa na umri wa miaka 29. Baadaye redio ilipohamia jengo jingine, sahani zile zikatupwa. Mpiga picha Les Leverett ndiye aliyeziokota akazitunza.

Kisha likazuka swali gumu: sauti ile ni mali ya nani? Kampuni moja ilidai kwamba mkataba wa Hank wa kutoa santuri uliipa haki. Nyingine ilisema imekwisha nunua sahani zenyewe. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Tennessee iliamua kwamba haki ni ya watoto wake, Hank Williams Jr. na Jett Williams. Mkataba ule haukuhusu vipindi vya redio, na kumiliki sahani si kumiliki sauti iliyomo. Nyimbo zikaanza kuuzwa mwaka 2008.

Jett alizaliwa siku tano baada ya kifo cha baba yake, wala hakupata kumwona. Lakini sahani zile zimemwezesha kumsikia akiongea na kutania.

Basi wenzangu, thamani ya kitu haijulikani siku kinapotengenezwa. Tangazo la unga limegeuka urithi wa mtoto. Kabla ya kutupa kanda kuukuu ya nyumbani, tuwaulize kwanza wazazi wetu ni sauti ya nani iliyomo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne