Hisabati ya Njia ya Baiskeli Mjini

Utangulizi

Mtu aendaye kazini au shuleni kwa baiskeli hujichagulia njia kwa uzoefu wake. Hujua barabara ipi ina malori mengi, uchochoro upi hujaa tope wakati wa masika, na mlima upi utamlazimisha ashuke akokote. Maarifa hayo aghalabu hayakuandikwa popote. Mgeni wa mji hana budi kuyapata kwa taabu, na pengine kwa kuumia.

Siku hizi zipo programu za kompyuta, zipatikanazo kwa intaneti hata katika simu ya mkononi, ambazo huelezwa mtu anatoka wapi na anakwenda wapi, nazo hutoa njia katika muda wa sekunde chache. Lakini programu iliyotengenezwa kwa ajili ya dereva wa gari haimfai mpanda baiskeli. Dereva hutaka kuokoa dakika. Mpanda baiskeli hutaka pia kuokoa nguvu zake, na zaidi ya yote, maisha yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba takriban asilimia 6 kati yao walikuwa wapanda baiskeli. Kwa hiyo suala la kumwonyesha mpanda baiskeli njia ifaayo si la anasa.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kueleza jinsi kompyuta inavyotafuta njia. Pili, kuonyesha mambo yanayopaswa kuongezwa ili njia hiyo imfae mpanda baiskeli. Hisabati itakayotumika haizidi kujumlisha na kuzidisha, na fizikia ni ile ya sekondari.

1. Kugeuza mji kuwa grafu

Kompyuta haioni mji kama tuuonavyo sisi. Huonyeshwa vitu viwili tu: vipeo, yaani mahali njia zinapokutana, na viungo, yaani vipande vya njia viunganishavyo vipeo hivyo. Mchoro wa namna hii huitwa grafu. Mwanzilishi wa elimu ya grafu ni Leonhard Euler, ambaye mwaka 1736 alithibitisha kwamba mtu hawezi kuvuka madaraja yote 7 ya mji wa Königsberg (leo Kaliningrad, Urusi) kila moja mara moja tu. Euler aligundua kwamba umbo la mitaa halikuwa na maana katika tatizo lile. Kilichohitajika kujulikana ni nini kimeunganishwa na nini.

Katika tatizo letu tunaongeza jambo moja: kila kiungo hupewa namba inayoitwa uzito. Uzito unaweza kuwa urefu wa njia kwa mita, au muda wa kuipita, au kipimo kingine chochote cha gharama ya kupita hapo. Kazi ya kompyuta ni kutafuta, kutoka kipeo cha mwanzo hadi cha mwisho, mfululizo wa viungo ambao jumla ya uzito wake ni ndogo kuliko yote.

2. Kanuni ya Dijkstra

Mtu angeweza kudhani kwamba inatosha kuorodhesha njia zote na kuzilinganisha. Katika kijiji chenye njia panda tano jambo hilo linawezekana. Katika jiji lenye maelfu ya njia panda, idadi ya njia ni kubwa mno hata kompyuta yenye kasi haiwezi kuzimaliza.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1956 mjini Amsterdam. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1930, alitaka mfano mwepesi wa kuwaonyesha watu uwezo wa kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC. Alibuni kanuni yake kwa muda wa dakika 20 hivi akiwa ameketi mkahawani, bila kalamu wala karatasi, kisha akaitumia kwa ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Kanuni hiyo ilichapishwa mwaka 1959, nayo ingali msingi wa programu nyingi za kutafutia njia. Hatua zake ni hizi:

(a) Kipe kipeo cha mwanzo namba 0, na vipeo vingine vyote namba kubwa isiyo na kikomo.
(b) Kati ya vipeo ambavyo havijathibitishwa, chagua chenye namba ndogo kuliko vyote, ukithibitishe.
(c) Kutoka kipeo hicho, jumlisha uzito wa kila kiungo kiendacho kwa jirani yake. Jumla ikiwa ndogo kuliko namba aliyokuwa nayo jirani, ifute ya zamani uandike mpya.
(d) Rudia (b) na (c) mpaka kipeo cha mwisho kithibitishwe.

Kanuni hii ina sharti moja: uzito wowote usiwe chini ya sifuri. Tutaona punde kwa nini sharti hilo linamhusu mpanda baiskeli.

3. Uzito unaomfaa mpanda baiskeli

Tukitumia urefu peke yake, kompyuta itatoa njia fupi. Lakini njia fupi si lazima iwe njia njema. Tutazame mambo matatu.

Mlima. Tuchukue mpanda baiskeli ambaye yeye, baiskeli yake na mzigo wake wana jumla ya kilo 90. Kuinuka mita 1 kwenda juu kunahitaji nishati ya 90 × 9.8, yaani jouli 882. Katika lami tambarare, akienda kilomita 15 kwa saa, ukinzani wa matairi ni kama nyutoni 4 au 5, na ukinzani wa hewa ni kama nyutoni 6. Jumla yake ni nyutoni 11 hivi. Kila mita ya tambarare basi humgharimu jouli 11. Tukigawanya 882 kwa 11 tunapata 80. Maana yake, kupanda mita 1 kwenda juu ni sawa na kuendesha mita 80 zaidi katika tambarare. Kilima cha mita 30, ambacho dereva wa gari hata hakitambui, kwa mpanda baiskeli ni sawa na kuongezewa kilomita 2.4.

Je, mteremko utoe punguzo? Hapa ndipo sharti la Dijkstra linapoingia. Tukitoa mita 80 kwa kila mita 1 ya kushuka, mteremko mkali ungepata uzito ulio chini ya sifuri, na kanuni ingeharibika. Fizikia nayo inakataa: nishati nyingi ya mteremko mkali hupotea katika breki na hewa. Ni salama kuhesabu mteremko kama tambarare. Angalia pia kwamba kiungo kimoja kitakuwa na uzito mbili tofauti, wa kwenda na wa kurudi.

Uso wa njia. Changarawe, mchanga na tope huongeza ukinzani wa matairi. Tunaweza kuueleza kwa kizidisho: lami 1, changarawe 1.5, tope 3.

Hatari. Hapa fizikia inakoma na uamuzi wa binadamu unaanza. Tukisema kwamba barabara kuu yenye malori, isiyo na njia ya baiskeli, ina kizidisho 2, tunasema kwamba mpanda baiskeli yuko tayari kwenda mita 200 katika mtaa mtulivu ili akwepe mita 100 za barabara hiyo. Mtoto wa shule angestahili kizidisho kikubwa zaidi; tarishi mzoefu angeridhika na kidogo. Ndiyo maana CycleStreets, programu ya Kiingereza iliyoanzishwa Cambridge na kufunguliwa kwa umma mwaka 2009, humpa mtumiaji njia tatu: ya haraka, iliyo tulivu, na ya wastani kati ya hizo. Programu nzuri haimwamulii mtu hofu yake; humpa nafasi ya kuchagua.

Vizuizi vya njia panda navyo vina gharama. Katika nchi ambamo magari hupita kushoto, kama baadhi ya nchi zetu za Afrika Mashariki, kukata kulia kunamlazimu mpanda baiskeli avuke mkondo wa magari yajayo mbele yake. Inafaa kila kona ya namna hiyo katika barabara kubwa iongezewe uzito wake.

4. Mfano

Mwanafunzi anatoka nyumbani (A) kwenda shuleni (F). Katikati pana soko (B), daraja (C) na zahanati (D). Njia ni hizi:

A–B: mita 600, barabara kuu: 600 × 2 = 1200
B–F: mita 900, barabara kuu: 900 × 2 = 1800
A–C: mita 500, mtaa wa lami: 500
C–B: mita 300, changarawe: 300 × 1.5 = 450
B–D: mita 400, changarawe: 400 × 1.5 = 600
C–D: mita 700, lami, yenye kilima cha mita 5 kinachopandwa na kushukwa: 700 + (5 × 80) = 1100
D–F: mita 600, mtaa wa lami: 600

Kwa urefu peke yake, njia fupi ni A–B–F, mita 1500, yote katika barabara kuu. Sasa tutumie uzito wetu. Tukianza na A, B hupata 1200 na C hupata 500. Tunathibitisha C. Kutoka C, B hupata 950, hivyo 1200 inafutwa. D hupata 1600. Tunathibitisha B. Kutoka B, F hupata 2750. D hupata 1550, hivyo 1600 inafutwa. Tunathibitisha D. Kutoka D, F hupata 2150, hivyo 2750 inafutwa. F inathibitishwa.

Njia iliyopatikana ni A–C–B–D–F. Urefu wake ni mita 1800. Mwanafunzi ameongezewa mita 300, kama dakika moja na robo ya kuendesha, lakini hatakutana na lori hata mara moja isipokuwa anapovuka barabara pale sokoni.

5. Taarifa hutoka wapi

Kanuni iliyo bora haina faida ikiwa ramani ni mbovu. Mwaka 2004 Steve Coast alianzisha nchini Uingereza ramani huru ya dunia iitwayo OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia na kuitumia. Humo kila njia huweza kuandikiwa sifa zake: upana, aina ya uso, taa, na kama baiskeli zinaruhusiwa. Kuhusu milima, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11 katika Februari 2000, na vipimo hivyo vinapatikana kwa wote.

Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa kata kuchora mitaa na mifereji, hasa katika sehemu zinazokumbwa na mafuriko. Kwa mpanda baiskeli, kujua mfereji ulipo na bonde linalojaa maji ni jambo kubwa, kwa kuwa uzito wa njia moja wakati wa kiangazi si uzito wake wakati wa masika.

Wako wanaopendekeza kwamba njia zipimwe kwa kumbukumbu za safari zinazotunzwa na simu. Fikra hiyo ni nzuri, lakini ina upungufu. Simu humhesabu mwenye simu ya namna hiyo na aliyekubali kuhesabiwa. Mchuuzi wa samaki anayetoka feri alfajiri, au mwenye kubeba madumu ya maji, anaweza kupita barabara hiyo kila siku asionekane kabisa katika hesabu. Kwa hiyo kumbukumbu za simu hazina budi kuambatana na kazi ya kwenda kuuliza na kutazama. Hali kadhalika, njia ya baiskeli iliyochorwa katika ramani ikiwa imekaliwa na pikipiki na meza za biashara, uzito wake si ule ulioandikwa.

6. Manufaa kwa wapangaji wa mji

Programu huchagua njia miongoni mwa zilizopo. Haiwezi kujenga isiyokuwapo. Hata hivyo, hesabu ile ile inaweza kuwaonyesha wapangaji mahali penye upungufu. Turudi katika mfano wetu. Tuseme Halmashauri inajenga njia ya baiskeli iliyotengwa kando ya B–F, na kizidisho kinashuka kutoka 2 hadi 1. Uzito wa B–F unakuwa 900, na njia bora inakuwa A–C–B–F, yenye jumla ya 1850 badala ya 2150. Kila safari imepungukiwa gharama 300. Tukizidisha kwa idadi ya wanafunzi wapitao hapo, tunapata namba inayoweza kuwekwa mezani pamoja na gharama za ujenzi. Tukijaribu hivyo kiungo baada ya kiungo, tutajua ni kipi kinachostahili kujengwa kwanza.

Mazoezi

1. Katika mfano wa sehemu ya 4, kilima cha C–D kingekuwa na kimo gani ili njia A–C–D–F ilingane uzito na A–C–B–D–F? (Jibu: mita 4.375.)

2. Masika yameingia, na njia za changarawe zimekuwa tope. Tafuta njia bora mpya ya kwenda shuleni. (Jibu: A–C–D–F, jumla 2200.)

3. Wanafunzi wagawanyike katika vikundi, na kila kikundi kichore grafu ya njia ziendazo shuleni kwao, kipime urefu, kihesabu malori yapitayo kwa dakika 15, na kukubaliana juu ya vizidisho. Vikundi vilinganishe majibu yao. Vikitofautiana, mwalimu awaulize ni nani aliyeulizwa maoni katika kila kikundi: wavulana au wasichana, wenye baiskeli au wasio nazo. Tofauti nyingi zitatoka hapo, wala si katika kujumlisha.