Nani Asome Utafiti wa Migori na Homa Bay Kabla Haujachapishwa?

Unapoambiwa kwamba utafiti umeonyesha hili au lile kuhusu dawa unayomeza, je, umewahi kujiuliza ni nani aliyeusoma kabla haujachapishwa? Jarida la tiba halipokei makala kwa sababu tu imeandikwa na daktari. Mhariri huipeleka kwa wataalamu wawili au watatu ambao hawakuhusika na kazi hiyo, nao huichambua. Hao ndio wahakiki. Kwa kawaida hawalipwi, na wengi hukataa kwa kukosa nafasi.

Hebu keti katika kiti cha mhariri. Mezani pana makala ya utafiti ulioitwa SEARCH, uliofanywa kati ya 2013 na 2017 katika jamii 32 za mashambani: 20 nchini Uganda na 12 hapa Kenya, katika sehemu za Migori na Homa Bay. Katika nusu ya jamii hizo, wakazi walipimwa virusi vya ukimwi kila mwaka, na waliopatikana navyo wakaanzishiwa dawa bila kungoja. Katika nusu nyingine walipimwa mwanzoni, kisha wakatibiwa kwa utaratibu wa serikali. Baada ya miaka mitatu, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 0.77 upande mmja na asilimia 0.81 upande wa pili. Yaani karibu sawa.

Utampa nani makala hiyo? Ukimpa daktari wa ukimwi peke yake, atazijua dawa vizuri, lakini huenda akaona watu wazima wapatao 150,000 na kuridhika kwamba idadi ni kubwa. Mtaalamu wa takwimu atamkatiza. Kura haikupigwa mtu kwa mtu, bali jamii kwa jamii, kwa hivyo kinacholinganishwa ni jamii 32. Tena atauliza kama pande hizo mbili zilibaki tofauti hadi mwisho. Hazikubaki. Wote walipimwa mwanzoni, na kuanzia 2016 Kenya iliamua kila mwenye virusi apewe dawa mara moja. Asiyeliona hilo atasema mpango ulishindwa, ilhali vifo miongoni mwa wenye virusi vilipungua kwa asilimia 23 katika jamii zilizopata huduma kamili.

Bado anahitajika mtu wa tatu, anayelijua ziwa. Wavuvi huhama kutoka ufuo mmoja hadi mwingine wakifuata samaki. Vijana huenda migodi ya dhahabu ya Migori. Kuna pia jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili apate samaki wa kuuza. Mhakiki aliye mbali akisoma kwamba mtu fulani "alihama", atapita. Mwenyeji atauliza: alihamia wapi, na huko alipata dawa?

Hapa ndipo penye mtihani. Wanaolijua ziwa na pia kuijua sayansi hii si wengi, na baadhi yao wamewahi kuandika pamoja na watafiti haohao, au wanashindania fedha zilezile. Mhariri akiwaondoa wote kwa kuogopa upendeleo, atabaki na watu wasiowahi kukanyaga Mbita. Kwa maoni yangu ni heri achukue mmoja anayepajua, ataje wazi uhusiano wake, kisha amwekee wageni wawili kando yake.

Njia ya mkato ni kumwomba mwandishi apendekeze wahakiki. Majarida mengi yamefanya hivyo, na baadhi yameungua vidole. Mwaka 2015 kampuni ya BioMed Central ilifuta makala 43, na 2017 jarida la Tumor Biology likafutiwa makala 107, baada ya kugunduliwa kwamba uhakiki ulikuwa wa kughushi. Ujanja uliotumika ni kutoa anwani bandia za barua pepe, ili makala ihakikiwe na wasiostahili.

SEARCH ilichapishwa Julai 2019 katika New England Journal of Medicine, na majina ya wahakiki hayakutajwa, kama ilivyo desturi ya jarida hilo. Jarida la BMJ lilichukua njia nyingine. Tangu 2014 huweka maoni ya wahakiki, pamoja na majina yao, kando ya makala za utafiti, na yeyote anaweza kusoma nani aliuliza nini.