Kuaminiana Mkekani: Somo Kutoka Mchezo wa Judo



Judo ilianzishwa na Kano Jigoro mwaka 1882, katika hekalu la Kibudha la Eishoji mjini Tokyo, Japani. Anayeanza mchezo huu hafundishwi kwanza kumwangusha mtu. Hufundishwa kuanguka: kuinamisha kidevu kifuani, kupiga mkeka kwa mkono, kulinda kichwa. Akishajua hayo ndipo anaweza kuukabidhi mwili wake kwa mwenzake. Naye anayeangusha ana wajibu wake: huushikilia mkono wa vazi la mwenzake mpaka afike chini salama.

Wanapojifunza kukaba shingo au kupinda kiwiko, aliyezidiwa hugonga kwa kiganja mara mbili au zaidi. Akigonga tu, mwenzake anaachia papo hapo. Hamwulizi sababu, wala hamwambii avumilie kidogo. Aliyekabwa shingo aweza kuzirai kwa sekunde chache, hivyo kuchelewa ni hatari.

Tazameni jambo hili: mwenye nguvu ndiye anayemtii aliyezidiwa. Pasipo utii huo hakuna mazoezi, kwa maana asiyemwamini mwenzake hukakamaa, na anayekakamaa hujifunza kidogo na kuumia upesi.

Mwalimu ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Akiipuuza ishara hiyo na kuuita ukali wake malezi, wanafunzi watanyamaza. Lakini kunyamaza si kuamini.

Nasi je? Mseminari humfungulia moyo mlezi wake wa kiroho, muumini humweleza padre shida zake, mtoto humfuata katekista bila shaka yoyote. Kila mmoja amejikabidhi. Anaposema "imetosha", au anapoanza kutukwepa, hiyo ndiyo ishara yake. Tuachie kwanza, maelezo yatafuata. Na anayeona ishara ya mwingine ikipuuzwa asikae kimya. Bwana wetu alipowaosha wanafunzi wake miguu, alituonyesha mamlaka yanavyotumika.

Kano aliwaachia wanafunzi wake kanuni ya *jita kyoei*, yaani mimi na mwenzangu kustawi pamoja. Kwa Mkristo, huo ni mwanzo tu wa upendo.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani amejikabidhi mikononi mwangu?
2. Ni lini mtu aliniashiria niache, nami nikaendelea? Nifanye nini sasa ili kuponya jeraha hilo?