WENYE GESTI NA MIGAHAWA: PIMA HIVI VITU 4 KILA MWEZI

Leo nasema na wenye gesti hapa Nsemulwa na Mpanda nzima.

Wengi tunapima mauzo tu. Ila gesti inaweza kujaa kila siku na bado maji, umeme na upotevu mdogo mdogo vikaimaliza. Wakubwa wanaita utalii endelevu na utawala bora. Kwetu ni daftari na kalamu.

1. UMEME
Usiangalie luku ya shilingi ngapi. Chukua uniti za mwezi, gawa kwa wageni waliolala (mgeni akilala siku 3, hesabu 3).
Juni: uniti 60 ÷ wageni 120 = 0.5
Julai: uniti 70 ÷ wageni 175 = 0.4
Luku imepanda lakini umefanya vizuri zaidi! Ikifika 0.7, tafuta taa inayowaka mchana.

2. MAJI
Hesabu ni ileile. Simtank ya lita 1,000 kwa wageni 25 ni lita 40 kila mmoja. Ikipanda ghafla, anza na choo kinachovuja. Maji sio mchezo huku kwetu. Kiangazi Mto Katuma unapungua mpaka viboko wa Hifadhi ya Katavi wanabanana kwenye matope.

3. PESA INAYOBAKI HAPA
Kila 100,000 ya manunuzi, shilingi ngapi zimeenda kwa wakulima na wafugaji wa hapa? Mchele, asali na kuku vipo. Andika pia mshahara umelipwa tarehe ngapi.

4. USIMAMIZI
Linganisha kitabu cha wageni, risiti na mashuka yaliyofuliwa. Mashuka ya vyumba 9, kitabu kina 7? Uliza kwanza, usimfukuze mtu. Labda mgeni alihamishwa chumba. Ikijirudia kila wiki, hapo kuna jambo. Na wewe bosi ukichota kwenye droo, andika. Usipoandika wewe, mhudumu naye hataandika.

Usiseme haya ni ya hoteli kubwa. Chumbe kule Zanzibar wana vibanda 7 tu, wanavuna maji ya mvua kwenye paa na vyoo vyao havitumii maji. Mwaka 2000 walipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mazingira.

Anza na umeme mwezi huu. Miezi mitatu ikipita, daftari litakuonyesha pesa yako inapotelea wapi.

Mtumie mwenzako mwenye gesti.