Dondoo muhimu: Mapambo ya Krismasi kutoka vitu vya kutupwa

Kabla hujapanda teksi kutoka Busiu kwenda Mbale kununua mapambo, pekua kwanza nyumbani.

1. Kwa shanga za karatasi, kata kalenda ya zamani vipande virefu vya pembetatu: kitako sentimita 2, urefu 30 hivi.

2. Viringisha kuanzia upande mpana kuizunguka njiti nyembamba. Wengi huanzia kwenye ncha, kisha wanashangaa shanga haina umbo.

3. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Pika kidogo, huchacha upesi. Paka kidogo pia, maana karatasi ikilowa hufumuka.

4. Acha shanga zikauke kabisa kabla ya vanishi. Haraka ndiyo inayoharibu nyingi. Vanishi ipakwe nje, si chumbani walikolala watoto.

5. Vizibo vya soda vitoboe kwa msumari juu ya ubao, kamwe si juu ya goti.

6. Magunzi ya mahindi yaanike juani siku kadhaa. Yakibaki na unyevu huota ukungu.

7. Usitumie taa za tyubu zilizoungua, hata zikivutia: ndani mna zebaki. Betri kuukuu nazo usizipasue.

8. Shanga na vizibo vining'inize juu. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni.

9. Tawi la msaipresi likikauka hushika moto haraka, na karatasi zaidi. Mshumaa ukae mbali, ama usiwashwe kabisa.

10. Sikukuu ikiisha, hifadhi shanga kwenye kopo lenye kifuniko. Panya na mende wanaipenda gundi ya muhogo.