Mvua Si Sababu ya Kufunga Vyumba: Kijitabu kwa Wenye Nyumba Ndogo za Wageni wa Gitega na Muyinga

Katika Burundi ya kati na ya kaskazini mashariki, mwenye nyumba ya wageni anaujua mwaka wake mapema. Kiangazi, ambacho Warundi hukiita ici, huanza Juni na kuendelea hadi Septemba. Ndipo harusi zinapofuatana Jumamosi kwa Jumamosi, ndugu walioko Ubelgiji na Canada hurudi kuwaona wazee, na mahujaji huelekea Mugera kwa sikukuu ya tarehe 15 Agosti. Vyumba hujaa bila kutafutiwa wateja. Mvua zikirudi, wengi huchagua moja kati ya mambo mawili: kushusha bei, au kumpa mpishi likizo na kufunga nusu ya vyumba. Kijitabu hiki kinashikilia kwamba njia zote mbili ni hasara, kwa kuwa zinakosea kutambua tatizo. Mgeni wa Novemba au Aprili haji kwa sababu hakuna aliyempa sababu ya kuja, yenye tarehe, ratiba na mwenyeji anayemsubiri. Bei mara nyingi haihusiki kabisa.

Tuanze na hesabu. Ukishusha bei ya chumba kwa theluthi moja, unahitaji wageni mara moja na nusu ili upate fedha zile zile, na hao wa ziada watakula mayai, watatumia sabuni, watafuliwa shuka na kuchomewa mkaa. Kwa hiyo hata ukiwapata, unabaki nyuma. Na kuwapata ni kazi, maana mtu asiye na shughuli Gitega hatasafiri kutoka Bujumbura, zaidi ya kilomita 100 za barabara ya milima, eti chumba kimekuwa rahisi. Mtu mwenye shughuli atakuja hata mvua ikinyesha. Lamu, kwenye pwani ya Kenya, inalionyesha jambo hili vizuri. Maulidi ya pale hufuata mwezi wa Mfungo Sita, ambao huzunguka misimu yote. Mwaka 2005 uliangukia Aprili na Mei, katikati ya masika, wakati hoteli nyingi za pwani hufunga milango. Tarehe ya Maulidi haisogezwi kwa ajili ya hali ya hewa, na watu wa pwani nzima wanaijua.

Gitega na Muyinga zina tarehe za namna hiyo, ila hazijawahi kuuzwa. Kubwa kuliko zote ni kahawa. Wakulima huanza kuchuma Machi na kuendelea hadi Juni au Julai, yaani sehemu kubwa ya mavuno hufanyika vyumba vikiwa vitupu. Mkulima hushinda shambani akichuma matunda mekundu, na alasiri huyafikisha kwenye kituo cha kuosha kahawa. Pale humwagwa majini: mazito huzama, mepesi na mabovu huelea na kuopolewa. Mashine ya kumenya huwashwa jioni, kwa sababu tunda lililolala bila kumenywa huharibika ladha. Punje hulala kwenye matangi zikichachuka, na kesho yake husuguliwa kwa maji katika mifereji kabla ya kupelekwa kwenye meza ndefu za kukaushia. Huko wanawake huchambua punje moja moja, na wingu likitanda wote hukimbilia maturubai. Tazama ratiba hiyo: shughuli inaanza alasiri, inaendelea usiku, inakamilika asubuhi. Anayetaka kuiona yote hana budi kulala. Ni nadra sana kivutio kuuza chumba chenyewe namna hii, na mwenye nyumba anachohitaji ni makubaliano na kituo kimoja kilicho karibu, viatu vya mpira vya saizi mbalimbali, miavuli, chakula cha moto mgeni anaporudi usiku, na asubuhi kahawa ya kilima hicho hicho. Kahawa ya unga wa kopo haifai hapa. Mrundi anayelima kahawa nzuri na kumnywesha mgeni ya kopo anajidharau mwenyewe.

Mjini Gitega kuna mengine ya kujazia miezi iliyobaki. Makumbusho ya taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yako chini ya paa, na mvua ya saa nane mchana haiyazuii. Ukiongeza mafunzo ya nusu siku kwa mfinyanzi au msuka vikapu wa karibu, tayari una siku kamili. Gishora, patakatifu pa ngoma, pako kilomita chache kutoka mjini. Ngoma za kifalme ziliingia katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014, lakini hapa pana onyo: amri ya rais ya Oktoba 2017 iliweka upigaji wa ngoma hizo chini ya kibali cha wizara, pamoja na malipo kwa hazina ya serikali. Usimwahidi mgeni ngoma kwenye ua wako. Mpeleke Gishora. Desemba ndio uliokuwa mwezi wa Umuganuro, sherehe ya mwami kufungua upanzi wa mtama, iliyokomeshwa chini ya Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1920. Nyumba ya wageni haiwezi kurudisha ufalme, lakini inaweza kuandaa mwisho wa juma wa mtama: uji, ugali, pombe ya impeke kwa wanywaji, na mzee anayeijua historia hiyo, aliyelipwa kwa kazi yake.

Muyinga ina rasilimali tofauti, ambayo wenyeji huiona ya kawaida mno kiasi cha kutoihesabu: ni mji wenye Waislamu wengi na Kiswahili cha mitaani. Ramadhani na Idi katika miaka hii zinaangukia Februari na Machi, kwenye mvua. Familia ya Buyenzi, Bujumbura, inayotaka kubadilisha hewa siku za Idi inatafuta nyumba isiyouza pombe, yenye nyama ya halali, mahali pa kutawadha na chumba cha watoto. Anayelitangaza hilo waziwazi hahitaji kushindana kwa bei na nyumba yenye baa. Wanafunzi wa ujenzi nao wana la kujifunza kwenye maktaba ya Muyinga ya mwaka 2012, iliyojengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa na kuwekwa wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hulala wakisoma. Ni mahali pa watoto viziwi, kwa hiyo ruhusa huombwa kabla na makundi yawe madogo. Hifadhi ya Ruvubu iachie kiangazi. Kumkwamisha mgeni kwenye tope si kivutio.

Watapinga wengine kwamba watalii Burundi ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana mpango huu hauwategemei. Tangu Gitega iwe makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, watumishi wa wizara na mashirika hufika mwaka mzima. Wanalala siku za kazi na kuondoka Ijumaa. Kumshawishi mmoja wao abaki mpaka Jumapili, pengine na mke au mume wake aje kumfuata, ni rahisi kuliko kumtafuta Mzungu asiyejulikana aliko. Pingamizi zito zaidi ni mafuta, ambayo yamekuwa ya shida kwa miaka kadhaa sasa. Hapa hakuna dawa kamili. Kinachowezekana ni kupanga safari za kundi zinazotumia basi moja, kuchagua shughuli zilizo karibu na nyumba, kupokea malipo ya awali, na kuandika kabla ni nini kitarudishwa usafiri ukishindikana. Umeme nao hukatika, basi taa za jua na vyandarua viwe tayari, hasa kwa kuwa malaria hupanda wakati wa mvua.

Lipo pingamizi lisilosemwa mikutanoni: gesti ina jina baya, na baba mwenye heshima haipeleki familia yake huko. Kushusha bei hulizidisha jina hilo. Ratiba ya familia iliyobandikwa mlangoni, yenye saa za chakula na jina la mwenyeji, hulipunguza. Na kwa wanaohofu kwamba wakulima watageuzwa maonyesho, jibu liko kwenye malipo: mkulima na mchambuzi wa kahawa wapate fungu lililoandikwa ndani ya bei, wawe na haki ya kukataa kupigwa picha, na wageni wasizidi idadi ambayo kituo kimeikubali.

Kwa mwaka wa kwanza andaa mwisho wa juma mmoja tu wa kahawa, katikati ya mavuno, vyumba vinne vikitosha. Nenda kituo cha kuosha kahawa kabla ya Machi, uulize watafungua lini, na mkubaliane malipo kwa maandishi kabla hujamwahidi mgeni yeyote.