Chigongi: Pumzi, Mwendo na Kile Kinachoitwa Nguvu ya Ndani

Pumzi, kupumua na kupumzika ni maneno ya shina moja. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba mwenye hofu hutweta, au kwamba aliyetua mzigo hushusha pumzi. Uhusiano huo kati ya hewa iingiayo kifuani na hali ya mwili mzima ndio msingi wa mazoezi ya Kichina ambayo kwa herufi za Kilatini huandikwa qigong, na ambayo katika somo hili yanaitwa chigongi.

Chi ni pumzi, mvuke, au uhai. Alama yake ya kale katika maandishi ya Kichina huonyesha mvuke pamoja na mchele. Gongi ni kazi, au ustadi upatikanao kwa kuirudia kazi. Mazoezi ya namna hii yana umri mrefu. Katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulipatikana mchoro juu ya hariri unaoonyesha watu 44 katika mikao mbalimbali ya kunyoosha viungo. Jina la chigongi kwa maana ya tiba ni geni zaidi: lilienea China katika miaka ya 1950, kupitia kazi ya Liu Guizhen na vituo vya tiba vilivyofuata mafundisho yake.

Swali la kwanza la wengi huhusu hiyo nguvu ya ndani. Je, ipo? Wazee wa Kichina waliieleza kuwa mkondo upitao mwilini, na ukizuiwa huleta maradhi. Hakuna kipimo cha maabara kilichouthibitisha mkondo huo. Ni vyema mhudumu wa afya aseme hivyo waziwazi, kisha aongeze kwamba mgonjwa halazimiki kuamini lolote ili anufaike. Joto la viganja na wepesi wa mwili ambao wanaofanya zoezi hili husimulia ni hisia za kweli, na fiziolojia ya kawaida inatosha kuzieleza. Mkristo au Mwislamu anaweza kulifanya kama anavyotembea kwa miguu kwenda Kisesa.

Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika zoezi la polepole idadi hiyo huweza kushuka hadi kukaribia mara 6. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hushuka zaidi, na mapafu hujaa hadi sehemu za chini. Kila pumzi inapotoka, neva ya vagasi huupunguza mwendo wa moyo kidogo. Pumzi inayotoka ikirefushwa, muda wa utulivu huo nao hurefuka. Vihisio vya shinikizo vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua hufanya kazi kwa wepesi zaidi, na mishipa midogo hulegea. Wakati huohuo magoti yaliyokunjwa kidogo huifanyisha kazi misuli ya mapaja bila kishindo, jambo lenye thamani kwa bibi mwenye maumivu ya magoti ambaye hawezi kukimbia wala kupanda vilima vya mawe.

Ushahidi upo, ingawa hauna uzito sawa kwa kila jambo. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa China kwa watu 342 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeanza kupanda lakini halijafikia kiwango cha ugonjwa. Baada ya miezi 12, waliofanya taichi, ambayo ni ndugu wa chigongi, walipungukiwa shinikizo la juu kwa wastani wa karibu 7, na waliofanya mazoezi kama kutembea haraka na kuendesha baiskeli kwa karibu 4.6. Nafuu hiyo inastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, mtu mwenye 180 kwa 110 hawezi kurudishwa katika usalama kwa kupungukiwa 7, na hapo ndipo hatari ya mazoezi haya ilipo: mgonjwa hujisikia mwepesi, akaona amepona, akaacha vidonge. Shinikizo la damu halina sauti. Anayeacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri huweza kuletwa Bugando akiwa na kiharusi.

Bujora si mahali pageni kwa elimu ya mwili. Padre David Clement alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma hapo, alihifadhi ngoma pamoja na vyombo. Katika bugobogobo, ngoma ya majembe, pumzi na pigo huenda pamoja, kwa kuwa chanzo chake ni kilimo cha pamoja. Wigashe huchezwa watu wakiwa wameketi, na mgonjwa asiyeweza kusimama anaweza kuanzia hapo: kiwiliwili na mikono vikitembea, miguu ikiwa imetulia. Mhudumu atakayelieleza zoezi jipya kwa kulinganisha na ngoma hizi ataeleweka upesi kuliko atakayeanza na falsafa ya China. Na kama mgonjwa anayo ngoma yake na anaicheza kila juma, aachiwe.

Kwa anayeanza, mwendo wa kwanza wa Baduanjin, mfululizo wa miendo minane, unatosha. Asimame asubuhi kabla ya jua kali, miguu ikiachana kwa upana wa mabega, magoti yakilegea. Aunganishe vidole mbele ya tumbo. Akivuta hewa kwa pua, ainue mikono polepole mbele ya uso, ageuze viganja na kuvisukuma juu kama anayeegemeza dari. Akitoa hewa, aishushe mikono pembeni kwa mwendo mrefu zaidi ya ule wa kupanda. Mara 6 hadi 8 zatosha siku za mwanzo, kisha dakika 10 hadi 15 kila siku. Pumzi isibanwe hata kidogo, kwa maana kubana hupandisha shinikizo. Mwenye bega bovu aishie kifuani.

Anayetumia dawa za shinikizo aanze karibu na kiti au ukuta, maana huenda akaona kizunguzungu. Mwenye kisukari anayejidunga insulini asifanye akiwa na njaa. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kusikia sauti asipewe mazoezi marefu ya kutafakari nguvu za ndani. Madaktari wa China wenyewe wameeleza wagonjwa waliochanganyikiwa baada ya kuyazidisha, nasi hatuna sababu ya kulipuuza jambo hilo. Mwendo mfupi na macho wazi kwa kawaida hauna madhara kwake.

Zaidi ya yote, kukosa pumzi ni dalili, na dalili hutafutiwa chanzo kabla ya kupewa zoezi. Mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita, ambaye sasa hawezi kulala bila mito mitatu na miguu imevimba, achukuliwe kuwa ana ugonjwa wa moyo hadi vipimo vionyeshe vinginevyo. Kijana anayekohoa kwa wiki mbili apimwe makohozi. Mtoto aliyepauka apimwe damu. Mtu aliyemaliza tiba ya kifua kikuu na mapafu yake yakabaki na makovu ndiye hasa wa kufundishwa kupumua upya, naye afundishwe kwa subira.

Zahanati itakayotaka kujaribu haihitaji chochote kipya ila kipimo cha shinikizo na daftari. Siku ya kliniki, kabla ya zoezi, mgonjwa aketi dakika 5, apimwe mara mbili, iandikwe tarehe, dawa anazomeza na ikiwa alimeza asubuhi hiyo. Apimwe tena kila mwezi. Namba zikishuka, daktari ndiye atakayeamua kuhusu dozi, na mgonjwa aelezwe hivyo siku ya kwanza, mbele ya ndugu anayemsindikiza.